Raifo ya Bolti Inayokwamisha Risasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wawindaji wa Kanda ya Kati

Kiangazi kikikolea, kabla watu hawajaelekea mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo, Muhesi au Swagaswaga, maswali huwa yaleyale: risasi haipandi chemba (tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi kabla ya kupigwa), inapinda njiani, bolti (chuma cha kuvuta na kusukuma kwa mkono) inapita juu yake. Raifo ya bolti ina vipande vichache, na ikikwamisha risasi sababu yake mara nyingi inaonekana kwa macho. Kinachoharibu bunduki nyingi ni haraka ya kushika tupa kabla ya kuangalia. Majibu haya ni kwa mwenye silaha iliyosajiliwa na leseni halali, anayetaka kuielewa kabla ya kumpelekea fundi.

Nianzie wapi kabla sijaigusa?

Elekeza mtutu mahali salama, ondoa kidole kwenye kifyatulio, vuta bolti nyuma, toa kila risasi iliyomo. Kisha ingiza kidole kidogo chemba na ndani ya magazini (kasha linalobeba risasi) uhakikishe pako tupu, kwa sababu jicho linadanganywa na giza la chemba. Risasi za moto zikae chumba kingine. Sisemi meza nyingine, nasema chumba kingine.

Majaribio yote ya nyumbani yafanyike kwa risasi za mazoezi, zile za plastiki au alumini zisizo na baruti wala fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti), za kipimo kilekile cha bunduki yako. Asiyekuwa nazo asijaribu kwa risasi hai sebuleni eti sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, imefungwa. Sefti ni kipande cha chuma na chenyewe huchakaa.

Risasi inatokaje magazini mpaka chemba?

Ukielewa hili, nusu ya kazi imekwisha. Chini kabisa kuna springi, juu ya springi kuna kibao kinachoinua risasi, na juu ya risasi kuna midomo au reli zinazoizuia isiruke nje. Ukivuta bolti nyuma hadi mwisho, springi inainua risasi ya juu mpaka ibanwe na midomo. Ukisukuma bolti mbele, uso wake unakamata ukingo wa kitako cha ganda (mfuko wa shaba wenye baruti) na kuisukuma risasi. Ncha inapanda mteremko mdogo ulio mbele ya magazini, risasi inachomoka kwenye midomo, inanyooka na kuingia chemba.

Hapo bunduki zinagawanyika makundi mawili. Katika Mauser ya 1898 na jamaa zake, kama CZ 550 na Winchester Model 70 zilizotengenezwa kuanzia 1936 hadi 1963, kuna ndoano ndefu ubavuni mwa bolti. Kitako cha risasi huteleza chini ya ndoano hiyo mara risasi inapoachia midomo, kwa hiyo bolti inaishika risasi njia yote. Katika kundi la pili, ambalo Remington 700 ya 1962 ni mfano unaofahamika zaidi, bolti inaisukuma tu risasi bila kuishika, na ndoano ndogo inarukia ukingo wa kitako pale unapofunga kabisa. Jua yako iko kundi gani kabla ya kusoma mbele, maana ugonjwa wa moja si ugonjwa wa nyingine.

Nitajuaje kosa liko wapi hasa?

Usikisie. Chukua risasi za mazoezi za kujaza magazini, ziandike namba kwa kalamu ya wino, moja ndiyo itakayotoka kwanza. Jaza, kisha endesha bolti kwa mwendo wako wa kawaida. Kila inapokwama simama, usilazimishe, tazama kwa tochi: ni namba ngapi, ncha yake imegota wapi, kitako chake kiko wapi. Andika kwenye karatasi. Rudia mpaka uone mtindo, kwa sababu kukwama mara moja hakusemi kitu.

Ikiwa inayokwama ni ya kwanza tu na nyingine zinapita vizuri, magazini imejaa kupita kiasi. Springi imebanwa mpaka mwisho na inaikandamiza risasi ya juu kwenye reli kwa nguvu mno. Punguza risasi moja ujaribu tena. Tatizo likiondoka, chunguza kama magazini ina uchafu chini au kibao kinakwaruza ukutani. Bunduki nyingine zimeandikwa risasi tano lakini zinapenda nne, na mwindaji wa kweli hahitaji ya tano.

Ikiwa ni ya mwisho tu, springi imechoka au kibao kinainama upande mmoja kinapobaki na mzigo mdogo. Springi ni kitu cha kubadilisha. Wapo wanaoivuta kwa mikono ili irefuke; inafanya kazi kwa muda, kisha inalegea tena ukiwa porini.

Magazini nyingi za raifo za kuwindia hupanga risasi kwa zigizaga, kushoto na kulia. Ukiona zinazokwama ni za upande mmoja, mathalani namba mbili na nne, tazama mdomo wa upande huo. Utakuta umepinda, una kovu la chuma, au kuna kibonyeo kwenye ukuta wa kasha. Hii ndiyo faida ya kuandika namba: bila namba ungesema tu kwamba inakwama.

Ncha ikigonga chini ya mteremko, sehemu ya mbele ya kibao haiinuki ipasavyo. Aghalabu mtu aliifungua magazini kuisafisha akarudisha springi kinyume. Springi ya Mauser na nyingi zinazofanana nayo ina ncha mbili zisizolingana, na kibao chake kina mgongo ulioinuka upande wa kushoto. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Ncha ikipanda juu kupita kiasi, au risasi ikiruka mzima mzima kutoka magazini kabla ya kusukumwa, midomo imeachana na inaiachia mapema.

Kuna njia nyingine rahisi inayosaidia sana: paka wino wa kalamu kwenye mteremko na kwenye mdomo wa chemba, endesha risasi za mazoezi mara kadhaa, kisha tazama wino umekwanguka wapi. Hapo ndipo ncha inapogusa.

Na kama zinakwama zote bila mpangilio, leo hii, kesho ile, bunduki yenyewe huenda ni nzima. Angalia uchafu, halafu angalia mkono wako.

Naisafisha kila wiki na mafuta naweka mengi. Mbona bado inakwama?

Inakwama kwa sababu mafuta ni mengi. Udongo wetu wa Dodoma na Singida ukikauka unakuwa unga mwekundu laini unaopenya hata zipu ya begi. Panda nyuma ya Land Cruiser kutoka Itigi kuelekea Rungwa, funika bunduki kwa turubai, na bado utakuta vumbi ndani ya magazini. Vumbi hilo likikutana na mafuta mazito linakuwa tope la kusagia. Kibao kinapanda kwa uvivu, risasi inachelewa, bolti inaipita.

Nchi kavu inataka bunduki karibu kavu. Toa bolti, fungua bamba la chini (kifuniko cha chini ya magazini), chomoa springi na kibao, ufute kila kitu kwa kitambaa kikavu na brashi ya mswaki. Ndani ya kasha la magazini usiweke mafuta hata tone. Utando mwembamba uliopakwa kwa kitambaa kisha ukafutwa unatosha kuzuia kutu. Kwenye meno ya kufungia ya bolti na pale bolti inapokokia, yaani inapovuta pini ya kufyatulia, paka grisi kidogo sana, kwa sababu hapo chuma kinasuguana na chuma kwa nguvu. Kwingine acha.

Chemba iwe kavu kabisa kabla ya kupiga. Ganda likilipuka linatanuka na kushika kuta za chemba, na mshiko huo unapunguza mzigo unaoiangukia bolti. Ukiacha mafuta chemba, ganda linateleza nyuma na bolti inabeba mzigo usio wake.

Mafuta ya taa yanayeyusha grisi kuukuu vizuri, yatumie kusafishia, ila yafute na uweke utando wa mafuta ya bunduki baadaye, kwani hayalindi chuma. Mafuta ya kupikia usiyasogeze karibu. Yanaganda na kuwa utomvu, na utomvu huo kuuondoa kwenye springi ya ndoano ni kazi ya kutwa.

Safarini weka kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye mdomo wa mtutu na ufunike bolti kwa kitambaa. Katika vichaka vya Itigi, vile vilivyosongamana hadi mtu anapita kwa kujipinda, vijiti na majani makavu huingia palipo wazi. Jani dogo moja chini ya kibao linatosha kukwamisha.

Shikamoo fundi. Nina .303 ya marehemu babu, Lee-Enfield. Inapita mbili, ya tatu inagoma kabisa kama imepigwa msumari. Ni springi?

Marahaba mwanangu. Huenda si springi. Risasi ya .303, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1880, ina kitako chenye ukingo mpana uliotokeza nje ya ganda. Risasi ya juu inatakiwa ukingo wake uwe mbele ya ukingo wa risasi iliyo chini yake. Ukiijaza ovyo, ukingo wa juu unakaa nyuma ya ule wa chini, na ukisukuma bolti risasi ya juu inaivuta ya chini kwa ukingo. Zote mbili zinagoma, na ukiongeza nguvu unaharibu.

Jaza moja moja ukitazama: kila risasi mpya ingia ukingo wake ukitangulia mbele ya iliyo chini. Ukiona bado, tazama midomo ya magazini. Magazini za Lee-Enfield zilikuwa zikirekebishwa zikae na bunduki husika, kwa hiyo magazini iliyotoka bunduki nyingine inaweza kuonekana nzima na isilingane na yako. Midomo iliyopinda inaweza kurudishwa, lakini kwa fundi, kidogo kidogo, akijaribu kila hatua. Bunduki za umri huo zinastahili kuangaliwa chemba na bolti yote na mtu mwenye vipimo, hata kama hazikwami.

Bolti inapita juu ya risasi na kufunga chemba tupu. Nini hicho?

Mara nyingi ni mkono. Watu huvuta bolti nyuma kwa woga, wakidhani wanaitunza, na kuishia robo tatu ya safari. Kitako cha risasi kinakuwa bado kiko chini ya uso wa bolti, hakijapata nafasi ya kupanda, na bolti inaporudi mbele inaipita. Katika Mauser kuna adhabu ya pili: ejekta yake, yaani kitupa ganda, ni kipande kilichosimama nyuma kabisa, kwa hiyo usipoifikisha bolti mwisho, ganda tupu halitupwi nje.

Vuta mpaka chuma kigote, kisha sukuma bila kusita. Nguvu ya kawaida, mwendo mmoja. Fanya mazoezi kwa risasi za mazoezi bunduki ikiwa begani, maana porini ndipo itakapokuwa. Mwenye kushusha bunduki kiunoni ili akoki amezoea vibaya, na mbele ya nyati aliyejeruhiwa mazoea hayo yanaua.

Kama mkono ni mzuri na bado inapita, rudi kwenye springi, uchafu, na kibao kinachokwaruza. Kwa magazini ya kuchomoa, hakikisha imekaa na kufunga; ikining'inia hata kidogo, risasi zote ziko chini kuliko inavyotakiwa.

Kwenye Mauser yangu nikitumbukiza risasi moja kwa mkono chemba, bolti haifungi.

Usiilazimishe. Ndoano ile ndefu imeundwa risasi iingie kwa kuteleza kutoka chini, wala si kuruka ukingo wa kitako. Ukisukuma kwa nguvu unaweza kuivunja. Bonyeza risasi hiyo ndani ya magazini, ipande kwa njia yake. Baadhi ya bunduki za kundi hili ndoano zake zimechongwa ziweze kuruka, lakini hadi fundi athibitishe yako ni mojawapo, chukulia haiwezi.

Bolti haifungi magazini ikiwa tupu. Imeharibika?

Hapana. Mauser nyingi za kijeshi na zilizotokana nazo, nyuma ya kibao ni mraba, na kibao kinapopanda kinaizuia bolti ili askari ajue risasi zimekwisha. Bonyeza kibao kwa kidole kisha funga.

Risasi mbili zimebanana: moja chemba, nyingine inaisukuma kwa nyuma.

Hili lichukulie kwa uzito wote. Hutokea kwa bunduki za kundi la kusukuma: umeingiza risasi chemba, hukuifunga bolti kabisa, ukairudisha nyuma. Ndoano ilikuwa haijaikamata, kwa hiyo risasi imebaki chemba, na sasa bolti imeleta ya pili. Ncha ya ya pili inaelekea moja kwa moja kwenye fataki ya ya kwanza, na ikiwa ni ncha kali ikasukumwa kwa hasira, unaweza kuilipua bolti ikiwa wazi mbele ya uso wako.

Acha kusukuma. Mtutu kwenye mwelekeo salama, vuta bolti nyuma na uishikilie hapo. Fungua bamba la chini au chomoa magazini ili risasi zidondoke na mgandamizo uishe. Itoe iliyolegea kwa vidole, kisha funga bolti taratibu juu ya ile iliyo chemba mpaka ndoano iishike, na uitoe. Hii ndiyo sababu waongozaji wengi wa uwindaji wa wanyama hatari wanapenda ndoano ya Mauser, na mimi niko upande wao. Kwa swala na ngiri, kundi lolote linatosha.

Tatizo lilianza baada ya kufunga darubini. Kuna uhusiano?

Upo. Darubini ikikaa chini sana, ganda linalotupwa linagonga kitufe cha pembeni na kurudi ndani, kisha unadhani risasi mpya ndiyo iliyokwama. Tazama kama darubini ina alama za shaba. Pia skrubu ya kufungia msingi wa darubini ikiwa ndefu kuliko tundu lake inatokeza ndani na kukwaruza bolti.

Vivyo hivyo kwa aliyetoa bunduki kwenye mbao. Mbao za kitako cha bunduki hukauka na kusinyaa katika hewa yetu, watu wanakaza skrubu za chini kupita kiasi, na kasha la magazini linabanwa kati ya chuma cha juu na bamba la chini. Kwa bunduki zenye kasha la bati lililo peke yake, linatakiwa licheze kidogo sana. Skrubu ya mbele na ya nyuma zisibadilishane nafasi: iliyo ndefu ikiingia mbele inaweza kugusa meno ya bolti. Ikiwa bolti ilikuwa laini kabla ya kukaza na nzito baada ya kukaza, umepata jibu.

Aina ya risasi inahusika?

Sana. .375 H&H (Holland & Holland), iliyoanza 1912, ina ganda refu lililochongoka taratibu kuelekea mbele, ndiyo maana inateleza chemba kwa urahisi na imekuwa risasi ya nyati kwa zaidi ya miaka 100. .458 Winchester Magnum ya 1956 ina ganda lililonyooka zaidi na kwa kawaida kichwa (kile kinachoruka) butu, kwa hiyo inadai mteremko na midomo iliyo sahihi. Bunduki inayokwama kwa vichwa butu vilivyo bapa mbele huenda ikapita vizuri kwa vya duara. Jaribu chapa nyingine kabla ya kumlaumu aliyeitengeneza, na ile utakayoipenda ndiyo uwinde nayo.

Bunduki nzito zina jambo jingine. Kila unapopiga, risasi zilizobaki magazini zinarushwa mbele na kugonga ukuta. Vichwa vyenye ncha ya madini laini ya risasi vinabonyea na kuwa kama uyoga, na hivyo ndivyo vinavyogoma kupanda mteremko. Baada ya kupiga, toa zilizobaki uzitazame. Zilizobonyea ziweke kando.

Mikanda ya ngozi ni mizuri machoni, lakini asidi iliyotumika kulainisha ngozi inaotesha ukungu wa kijani kwenye shaba. Risasi yenye ukungu huo inanata chemba. Zihifadhi kwenye boksi, na usiziache juu ya dashibodi kwenye jua la saa saba.

Magazini ikikaa imejaa springi inalegea?

Springi nzuri huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa. Lakini bunduki nyumbani haipaswi kuwa na risasi, kwa hiyo swali halina kazi.

Naweza kuusugua mteremko kwa tupa au msasa?

Tupa, hapana kabisa. Kupunguza chuma ni rahisi, kukirudisha ni kwa kulehemu, na kulehemu karibu na chemba kunaharibu ugumu wa chuma kilichokadiriwa kubeba shinikizo kubwa. Reli zikichongwa robo milimita kupita kiasi, risasi zinaruka mapema milele. Kung'arisha mteremko kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia metali, bila kubadili umbo, kunaruhusiwa. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi.

Bolti inafungua kwa shida baada ya kupiga. Ni tatizo hilohilo?

Hapana, na usiendelee kupiga. Bolti nzito kuinuka, fataki iliyosawazika au ganda lenye ufa ni dalili za shinikizo kupita kiasi au chemba yenye kasoro. Vilevile ukibofya na isilipuke, subiri angalau nusu dakika mtutu ukiwa salama kabla ya kufungua, maana inaweza kuchelewa. Na risasi hai iliyonata chemba usiigonge kwa ufito kutoka mdomo wa mtutu.

Nimpelekee nani?

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka anayetengeneza silaha awe na leseni ya kazi hiyo. Ulizia ofisi ya polisi inayoshughulikia silaha mkoani kwako, na wakati wa kuipeleka beba leseni yako pamoja na bunduki, isiyo na risasi, ndani ya begi lake. Fundi wa kuchomelea mageti, hata awe hodari namna gani, si fundi wa silaha.

Mpelekee pia ile karatasi yenye namba na risasi za mazoezi ulizotumia. Fundi anayeijua kazi yake ataanza kwa kuisoma. Akichukua tupa kabla hajaendesha bolti hata mara moja, iombe bunduki yako urudi nayo nyumbani.